Kyavinyonge: samaki inahesabiwa, dhahabu inapimwa, nani anashika kalamu?

Ninyi muliotoka shimoni na udongo ndani ya masikio, na ninyi mama muliobaki kambini mukingojea chungu kichemke, juma hili tunawatoa kidogo kwenye shimo. Tunashuka ziwani, Kyavinyonge. Lakini musifunge gazeti. Safari yetu ilianza na samaki, ikaishia kwenye mizani ya dhahabu, na njia kati ya vile viwili ni fupi kuliko munavyofikiri.

Kushuka mlima

Tuliondoka Butembo asubuhi mapema juu ya pikipiki, kwa njia ya Kyondo. Butembo iko karibu mita 1,750 juu ya bahari. Ziwa Edouard liko mita 900 na kitu. Basi kutoka mjini mpaka ufukoni unashuka mita zaidi ya 800, tena kwa njia inayokunja kama utumbo wa mbuzi. Katikati ya mteremko masikio yetu yakaziba. Motari akacheka: "Mumeze mate, yatafunguka."

Tukameza mate, yakafunguka. Ana haki. Hewa ina uzito, na ukishuka bondeni, hewa iliyo juu ya kichwa chako inaongezeka, inasukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Ukimeza mate, kijia kidogo kinachounganisha sikio na koo kinafunguka, hewa ya ndani na ya nje zinalingana. Ni jambo dogo, lakini lilitukumbusha jambo lingine ambalo mama wengi wa kambi za mlimani wanatuuliza: kwa nini maharagi ya huku juu inakula makaa mengi hivi?

Jibu ni ile ile hewa. Kando ya bahari maji yanachemka kwa digri 100. Kila unapopanda mita 300 hivi, unapoteza digri moja. Butembo maji yanachemka kwa digri 94 hivi. Kule ziwani, kwa digri 97. Hata uongeze moto namna gani, maji yanayochemka hayapiti pale, yanageuka tu mvuke. Basi mama wa mlimani anapika maharagi ndani ya maji yenye joto kidogo, na anahitaji muda zaidi. Si uvivu, si makaa mabaya. Dawa yake ni kuloweka maharagi usiku kucha na kufunika chungu vizuri. Baba anayelalamika kwamba chakula kimechelewa, asome mistari hii mara mbili.

Alama za makaa juu ya ubao

Kyavinyonge ni moja ya kambi tatu za uvuvi zinazotambuliwa upande wa Kongo wa ziwa hili. Zingine ni Vitshumbi na Nyakakoma. Iko ndani ya Parke ya Virunga, kwa hiyo watu na nyama wanaishi pua kwa pua. Usiku kiboko anatoka majini kula majani, anapita kati ya nyumba kama mtu anayerudi kutoka kilioni. Mchana ndege marabu wanasimama karibu na wanawake wanaopasua samaki, mikono nyuma, kama wakubwa wa kazi.

Kulipopambazuka mitumbwi ikaanza kuingia. Tulisimama karibu na mama mmoja muchuuzi aliyekuwa anapokea tilapia. Alikuwa anachukua mbili mbili, anatupa ndani ya beseni, na kinywa chake kinasema namba bila kusimama, hata akiwa anagombana na mtu mwingine juu ya bei. Kando yake mtoto wa miaka kumi hivi alishika kipande cha kaa. Kila mama alipofika kumi, mtoto alipiga mstari mmoja juu ya ubao. Mistari minne imesimama, wa tano unaikata. Tena mistari minne, wa tano unaikata.

Tulimuuliza mama: kwa nini ubao, na kichwa chako kinajua?

Akajibu bila kutuangalia: "Kichwa yangu inajua. Lakini mwenye mtumbwi, kichwa yake nayo iko na hesabu yake. Ubao hauna ndugu."

Ubao hauna ndugu. Tuliandika maneno yale ndani ya kaye yetu, kwa sababu pale pale tulikumbuka mfupa.

Mfupa wa jirani

Kaskazini ya Kyavinyonge, mahali ambapo mto Semliki unatoka ziwani kwenda ziwa Albert na kutoka pale mpaka Nili, kuna fasi inaitwa Ishango. Safari hii hatukufika. Fasi iko ndani ya Parke, na kuingia kunaomba ruhusa. Lakini wavuvi walituonyesha upande wake kwa kidole.

Mwaka 1950 mtaalamu wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alichimba pale Ishango. Ndiyo, alichimba, kama ninyi: tabaka kwa tabaka, akiangalia rangi ya udongo. Alipata vyusa vya mifupa vyenye meno, mifupa ya samaki mingi, na katikati ya vitu vile mfupa mmoja mdogo, urefu wake sentimita 10 hivi, rangi ya kahawia. Kwenye ncha yake kumepachikwa kipande cha kwatzi. Munaijua kwatzi kuliko profesa: ni lile jiwe jeupe, gumu, ambalo munalivunja na kulisaga mukitafuta dhahabu ndani yake. Kwatzi inakwaruza kioo, inakwaruza hata chuma cha kisu. Watu wa Ishango walijua hiyo. Kwa jiwe lile mtu anaweza kukata na kuchora.

Na mfupa ule umechorwa. Una safu tatu za mistari, na mistari imepangwa kwa mafungu. Safu moja ina mafungu ya mistari 11, 13, 17 na 19. Chukueni kaye, jumlisheni: 60. Safu ya pili: 11, 21, 19 na 9. Jumlisheni: 60 tena. Safu ya tatu ina mafungu manane: 3 na 6, 4 na 8, 10 na 5, kisha 5 na 7. Jumla 48. Angalieni vizuri: 6 ni 3 mara mbili, 8 ni 4 mara mbili, 5 ni nusu ya 10.

Mwanzoni walifikiri mfupa si wa zamani sana. Uchunguzi wa baadaye uliurudisha nyuma zaidi, na leo wataalamu wengi wanasema karibu miaka 20,000. Hakuna mtu aliyekuwa analima popote duniani siku zile. Hakuna chuma, hakuna mji, hakuna maandishi. Lakini kando ya ziwa hili mtu alikaa chini, akapiga mistari, akaitenga mafungu.

Ilikuwa hesabu ya nini? Hapo wataalamu wanabishana mpaka leo. De Heinzelin aliona mchezo wa namba. Mmarekani Alexander Marshack aliona kalenda: mtu anafuata mwezi, usiku kwa usiku, kwa miezi sita hivi. Wengine wanasema tusikimbie mbio, labda mistari ilichorwa tu ili mkono usiteleze. Sisi hatutawaamua. Lakini tukisimama nyuma ya yule mtoto na ubao wake, tulisikia kwamba swali haliko mbali hivyo. Mtu anapiga mstari wakati anaogopa kusahau, ao wakati anaogopa kwamba mwingine atasahau.

Mfupa wenyewe hauko Ishango, hauko Beni, hauko Kinshasa. Uko Brussels, ndani ya nyumba ya makumbusho ya Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili. Wageni wanauangalia nyuma ya kioo. Watoto wengi wa Kyavinyonge tuliozungumza nao hawakuwa wamewahi kusikia habari yake. Hiyo ilituuma kidogo. Mtoto anaambiwa kilasini kwamba hesabu ni kitu kigumu kilichotoka ng'ambo, na mfupa wa hesabu unaojulikana dunia nzima ulitoka nyuma ya nyumba yake.

Na uvuvi ni wa zamani zaidi tena. Chini kidogo kwenye bonde la Semliki, fasi inaitwa Katanda, wataalamu Alison Brooks na John Yellen walipata vyusa vya mifupa pamoja na mifupa ya samaki wakubwa wenye ndevu, wale tunaowaita silure. Walipotangaza mwaka 1995, walisema vyusa vile vina miaka karibu 90,000. Basi ukimwona mvuvi wa hapa anaamka saa tisa ya usiku, ujue kazi hiyo ina mizizi.

Hesabu moja haitoshi

Wazee wa Kyavinyonge wanasema samaki wa leo ni wadogo. Vijana wengine wanabisha: wazee kila mahali wanasema zamani ilikuwa nzuri. Nani ana haki? Bila kaye, hakuna anayeweza kusema. Mwenye kukumbuka anakumbuka siku kubwa, siku ndogo anazisahau.

Lakini kuna kitu kimoja kilichohesabiwa: viboko. Katika miaka ya 1970 Parke ya Virunga ilikuwa na viboko karibu 30,000, moja ya makundi makubwa kabisa duniani. Vita vikaja, watu wenye silaha wakawinda nyama na meno. Hesabu ya mwaka 2005 ilikuta chini ya 1,000. Tunaweza kuiona hasara ile kwa sababu mtu alihesabu mara ya kwanza, na mtu akahesabu mara ya pili. Hesabu moja inasema tu leo kuna nini. Hesabu mbili zinasema nini kimetoka.

Na kiboko si nyama tu. Usiku anakula majani nchi kavu, kilo nyingi sana. Mchana anarudi majini na kuacha mavi yake. Mavi yale yanalisha vijani vidogo vya majini, na vile vijani vinalisha tilapia. Kiboko ni kama mtu anayebeba mbolea kila usiku bila mshahara. Akipungua, ziwa linapoteza chakula. Nyavu za macho madogo zinazozoa hata watoto wa samaki zinaongeza shida.

Kijana aliyetoka shimoni

Jioni, wakati tunakula ile tilapia, kijana mmoja akakaa karibu nasi. Zamani alichimba dhahabu, sasa anavua. Tukamuuliza kwa nini alibadilisha kazi, tukifikiri atasema habari ya shimo kubomoka. Hapana.

"Huku samaki nayiona na macho yangu," akasema. "Kama ni ishirini, ni ishirini. Kule, nachimba juma mbili, nasaga, naosha, kisha naweka jasho yote ndani ya mizani ya mtu mwingine. Yeye njo anasoma. Mimi naangalia mudomo wake."

Meza yote ikanyamaza. Ninyi munaosoma munajua anasema nini. Kuna mahali dhahabu inapimwa kwa mizani ya mikono miwili, na mawe ya kupimia ni sarafu za zamani ao vijiti vya kiberiti. Kuna mahali wananunua kwa tola. Tola ni kipimo kilichotoka Uhindi, na tola ya kweli ni giramu 11.66. Kijiti cha kiberiti nacho ni mti, na mti unakunywa unyevu: siku ya mvua kijiti kinaongeza uzito kidogo, na ili mikono ya mizani ilingane, wewe njo unaongeza dhahabu. Hakuna aliyekuibia kwa makusudi, lakini umepoteza.

Hatusemi kwamba kila mnunuzi ni mwizi. Wako wanunuzi wa haki, na wao wenyewe wanapoteza wakati mizani yao imeharibika. Tunasema tu: mizani ni kifaa, na kifaa kinaweza kujaribiwa. Tulimwambia kijana yule namna moja, na tunaiandika hapa kwa ninyi wote.

Seringe na maji safi

Maji yana zawadi moja: mililita moja ya maji safi ina uzito wa giramu moja. Basi seringe ya mililita 10, ile mpya munayonunua farmasi, ni jiwe la kupimia la giramu 10 ambalo hakuna mtu anaweza kulifaili.

Kama mizani ni ya umeme ao ya pili (betri), fanyeni hivi. Wekeni kisashe kikavu juu yake, rudisheni namba kwenye 0. Vuteni maji safi ndani ya seringe mpaka 10, bila sindano, na mutoe hewa yote iliyobaki ndani. Mwageni ndani ya kisashe. Mizani inapaswa kusoma 10. Rudieni mara tatu. Ikisoma 9.7 ao 10.3, musilete fujo, kwa sababu seringe yenyewe inaweza kuwa na kosa lake dogo. Lakini ikisoma 9 mara zote tatu, hapo kuna neno la kuuliza. Mizani inayosoma 9 pahali pa 10 inakula giramu moja kila giramu kumi. Mwenye kuuza mara ishirini kwa mwaka, giramu kumi kumi, amepoteza giramu 20. Hesabuni ninyi wenyewe ni siku ngapi za shimo, ni miezi mingapi ya minerval ya watoto.

Kama ni mizani ya mikono miwili, kwanza muangalie ikiwa mitupu: inalingana? Kisha wekeni jiwe la kupimia upande mmoja na dhahabu upande wa pili mpaka zilingane. Sasa badilisheni: jiwe liende kulia, dhahabu ije kushoto. Mizani ya haki italingana tena. Mizani yenye mkono mmoja mrefu kidogo itaanguka upande. Sababu munaijua tangu utoto: watoto wawili wakikaa juu ya mti uliolazwa juu ya jiwe, mdogo akikaa mbali na katikati anaweza kumwinua mkubwa. Mizani ya namna ile inaweza kulingana vizuri ikiwa mitupu na bado idanganye ikipakiwa. Ndiyo maana kuangalia mizani mitupu peke yake haitoshi.

Na mukitaka kujua tola ya mahali penu, wekeni jiwe la tola upande mmoja na kisashe chenye maji upande wa pili, kisha kisashe kingine kitupu cha namna ile ile karibu na jiwe, ili visashe visihesabiwe. Ongezeni maji na seringe mpaka zilingane. Mililita mulizotia ni giramu za tola yenu. Tola ya kweli itaomba 11 na nusu na kidogo juu yake. Ikiomba 13, jiwe lile limeshiba kupita tola.

Shauri moja la namna ya kuishi na watu: usiende kumjaribia mnunuzi mizani mbele ya watu kana kwamba umekuja kumkamata. Nendeni wawili ao watatu, na mzee wa shimo ao kapita, kwa salama, mukisema munataka kujifunza. Mnunuzi wa haki atafurahi. Ni tangazo lake. Kisha mushike kaye: tarehe, giramu, bei. Mistari tu inatosha kwa asiyejua kuandika. Watu wa Ishango hawakuwa na biki.

Maulizo yetu kwenu

Asubuhi tulipokuwa tunapanda tena mlima, masikio yakaziba mara ya pili, tukameza mate. Nyuma ya pikipiki kulikuwa na samaki wa kukaushwa, na ndani ya kaye maulizo zaidi kuliko tuliyoshuka nayo. Tunawagawia.

La kwanza: kwenu tola inaomba mililita ngapi? Jaribuni, kisha mutuandikie mahali na namba, bila jina la mtu yeyote. Tukipata majibu ya kutosha tutayapanga hapa, fasi kwa fasi, muone wenyewe.

La pili, kwa watoto wa shule: seringe ya mililita 10 iliyojaa maji ina giramu 10. Ingejaa dhahabu safi ingekuwa na giramu 193. Kwa nini basi dhahabu inabaki chini ya karai wakati munaosha, na mchanga unaenda na maji?

La tatu, kwa wazee: ni nani kwenu anakumbuka namna ya kuhesabu bila kuandika? Mafundo ya kamba, mawe ndani ya kibuyu, mikato juu ya fimbo? Wajukuu zenu waandike mukiwa bado munakumbuka.

Na kuhusu lile shauri la mfupa na kalenda ya mwezi: usiku wa leo, mama ao baba, chukua fimbo. Ukiona mwezi mchanga, kata mstari mmoja. Kila usiku mstari mmoja, mpaka mwezi mchanga urudi. Kisha hesabu, utuambie ni mingapi. Utakuwa umefanya kazi ambayo labda mtu wa Ishango aliifanya miaka 20,000 iliyopita, mwezi ule ule juu ya kichwa.

Yule mtoto wa ubao, tulimwachia biki yetu. Aliiangalia, akaiweka nyuma ya sikio kama karani, kisha akarudi kwenye kaa lake, kwa sababu mtumbwi mwingine ulikuwa unaingia na mama yake ameanza kuhesabu.